Nyani na Kundule: Nafsi ya Kwanza na Nafsi ya Tatu katika Michezo ya Kunyemelea

Wahenga waliposema kwamba nyani haoni kundule, walikusudia kumsuta mtu mwepesi wa kuona aibu za wenzake. Hata hivyo, methali hiyo yaweza kusomwa pia kama kauli juu ya mahali jicho lilipowekwa. Jicho limekaa usoni, linatazama mbele, na kitu lisichoweza kamwe kukiona ni mgongo wa yule linayemwongoza. Wahakiki wa fasihi wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu chini ya anwani ya nafsi za usimulizi, na tangu Gérard Genette alipolitenga, mwaka 1972, swali la nani anayeona na swali la nani anayesema, imekuwa vigumu kuyachanganya mawili hayo bila kuulizwa sababu. Upo utanzu mmoja wa sanaa ya kisasa ambao hauna budi kulijibu swali la kwanza kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Utanzu huo ni michezo ya video, hasa ile ya kunyemelea, ambamo mchezaji hapati ushindi kwa kupigana bali kwa kupita bila kuonekana.

Mwaka 1998 ilitokea michezo miwili ambayo tangu hapo imekuwa kama mihimili ya utanzu huu. Wa kwanza ni Metal Gear Solid, ulioongozwa na Mjapani Hideo Kojima. Humo kamera hukaa juu ya mhusika, ikimwonyesha mwili mzima pamoja na mazingira yanayomzunguka. Anapoegemea ukuta, kamera hushuka na kufichua kilichopo upande wa pili wa kona, ilhali yeye mwenyewe hajatoa hata ncha ya pua. Katika pembe ya skrini mna rada inayochora upeo wa macho ya kila mlinzi. Wa pili ni Thief: The Dark Project, kazi ya Looking Glass Studios ya Marekani. Humo mchezaji ametiwa ndani ya fuvu la mwizi, na hauoni mwili wake ila mikono na silaha aliyoishika. Akitaka kujua kama kuna mtu nyuma ya mlango, hana budi kusikiliza: kiatu juu ya vigae hulia, juu ya zulia hunyamaza, na mlinzi asiyejua kwamba anasikilizwa hujisemea mambo yake.

Tofauti hii si ya mapambo. Katika mchezo wa kwanza, jicho limeruhusiwa kufanya kile ambacho mwili umekatazwa: linatoka mafichoni, linazunguka kona, linarudi na habari, wala halipigwi risasi. Katika mchezo wa pili, jicho na mwili vimefungwa kamba moja, na kila achunguliaye ni lazima ahatarishe uso wake. Lakini hapo ndipo nyani wa methali anapoingia. Mchezaji wa nafsi ya kwanza anaweza kuwa amesimama karibu na taa, asijue kwamba anaonekana kutoka upande wa pili wa ua. Watunzi wa Thief walilitambua tatizo hilo. Wakaweka chini ya skrini johari ndogo ambayo hung'aa mchezaji anapokuwa kwenye mwanga na kufifia anapoingia gizani. Johari hiyo ni ungamo la kiufundi. Inakiri kwamba nafsi ya kwanza tupu haimtoshi anayejificha, kwa kuwa kujificha ni kujua jinsi mtu anavyoonekana, na ujuzi huo, kwa asili yake, ni wa nafsi ya tatu. Si ajabu, basi, kwamba Thief: Deadly Shadows wa mwaka 2004 ulimwachia mchezaji achague kati ya mitazamo miwili, na kwamba Deus Ex: Human Revolution wa mwaka 2011, ambao kwa kawaida ni wa nafsi ya kwanza, humtoa mchezaji nje ya mwili wake pindi anapojibanza nyuma ya kizuizi.

Katika miji ya Embu na Meru, kama kwingineko nchini Kenya, vijana hulipia muda wao katika vibanda vya kuchezea gemu, na mchezo ushikao nafasi ya mbele ni kandanda, ambayo kamera yake hukaa jukwaani pamoja na mashabiki. Kamera hiyo haina anayejificha wala anayemtafuta. Lakini juu ya miji hiyo upo msitu wa Mlima Kenya, ambao miteremko yake ya mashariki na kusini-mashariki, yenye mvua nyingi na mianzi iliyosongamana, ilikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau baada ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, 1952. Swali la kamera, ambalo kwa mtunzi wa gemu ni la ufundi, kwa watu wa pande hizo liliwahi kuwa la uhai. Kwa sababu hiyo maandishi yaliyotokana na msitu yanaweza kuipima nadharia hii kwa ukali kuliko gemu zenyewe.

Chukua kwanza maandishi ya nafsi ya kwanza. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa mzaliwa wa Nyeri ambaye uwanja wake wa vita ulikuwa Mlima Kenya. Alijeruhiwa na kukamatwa Januari 1954, na kumbukumbu zake, "Mau Mau" General, zilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Kisarufi, kitabu hicho ni cha "mimi". Lakini "mimi" anayesimulia mwaka 1967 si yule aliyekuwa akijibanza kati ya miti. Wa pili hajui kilichopo nyuma ya kona. Wa kwanza anajua, maana alikwisha kupita, akakamatwa, akahukumiwa, akaishi. Msimulizi anamfuata kijana wake mwenyewe kwa nyuma, kwa umbali wa miaka 13 hivi, akiona mgongo ambao kijana huyo hakuweza kuuona. Sarufi ni ya nafsi ya kwanza. Kamera ni ya nafsi ya tatu.

Kinyume chake ni riwaya ya Meja Mwangi, Carcase for Hounds, ya mwaka 1974. Hiyo ni ya "yeye" tangu mwanzo hadi mwisho, na msimulizi wake yu huru kuhama kati ya anayewindwa, Jenerali Haraka, na anayemwinda, Kapteni Kingsley. Huo ndio uhuru wa kamera ya juu. Lakini Haraka anapolala pangoni akiwa na jeraha na homa, uhuru huo hupungua. Msomaji hubanwa ndani ya kichwa kisichoweza tena kupima kilichopo nje, na hofu yake huwa ya mtu anayesikia tu. Sarufi imebaki ile ile, bali kamera imeingia ndani ya fuvu. Ni dhahiri, basi, kwamba anayetaka kujua nafsi ya usimulizi katika kazi yoyote ya mafichoni asihesabu viwakilishi. Aulize kuona kunagharimu nini, na ni nani anayelipa.

Msituni, kuona kulikuwa na bei. Ili kundi lijue kilichopo mbele ya kijito, ilibidi mtu mmoja atangulie, na huyo alikuwa na mwili. Walioweza kuona bila kulipa walikuwa upande wa pili. Kati ya mwaka 1953 na 1955, ndege za Harvard na Lincoln za jeshi la anga la Uingereza ziliipiga kwa mabomu misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na marubani wake ndio waliokuwa na mtazamo unaokaribiana na ule wa Metal Gear Solid: msitu mzima kwa mpigo mmoja, bila kukanyaga jani. Lakini mianzi ilikuwa johari ya giza. Jicho la juu liliona miti, halikuona watu. Ndiyo maana dola ilihitaji jicho la aina nyingine, la karibu na la chini. Katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza Aprili 24, 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu mawili ya macho, walioitwa gakunia. Gakunia aliinamisha kichwa, na maisha ya mtu yakabadilika. Hakuna picha iliyo kamili zaidi ya kamera ya nafsi ya kwanza: matundu mawili yanayotazama, yasiyo na uso wala mwili wala jina. Tofauti ni kwamba katika gemu anayetazama kupitia matundu hayo ndiye anayejificha asiadhibiwe, ilhali hapa anayetazama amejificha ili aadhibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa gunia.

Hapa ndipo kamera zote mbili zinapodhihirisha upungufu wao wa pamoja, ambao wapenzi wa kila upande huupita bila kuuona. Zote zinachukulia kwamba jicho la mlinzi ni la kweli. Katika gemu, kuonekana ni kutambuliwa: mwili ukiingia ndani ya upeo wa macho ya askari, kengele hulia, na hulia kwa haki, maana aliyeonekana kweli ni adui aliyeingia. Mnamo Juni 1953, katika eneo la Chuka, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Meru, askari wa King's African Rifles waliwaua watu wapatao 20 wasiokuwa wapiganaji, baadhi yao wakiwa walinzi wa nyumbani waliokuwa upande wa serikali yenyewe. Watu hao hawakuwa wamejificha. Hawakuwa na giza la kuingilia wala kona ya kujibanza, kwa sababu hawakuwa na sababu ya kutafuta kona. Walionekana wazi, na hawakutambuliwa kuwa wao ni nani. Hakuna kifaa cha skrini, iwe rada au johari, kinachoweza kumwonya mchezaji juu ya hatari ya namna hiyo, kwa kuwa hatari hiyo haimo katika mwanga ulioanguka juu ya mwili wake. Imo ndani ya kichwa cha yule anayemtazama.

Aidha, kulikuwa na mafichoni yasiyohitaji giza. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki refu, kwa kazi ya lazima ya wanavijiji, likasimikwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha, ili wa msituni na wa kijijini wasikutane. Hata hivyo chakula kiliendelea kuvuka, na mara nyingi mikononi mwa wanawake. Mwanamke aliyebeba ndizi zilizofichwa chini ya kuni alijificha kwa kutembea kama mtu asiye na cha kuficha. Ilimpasa ajione kama askari wa kizuizini alivyomwona: mwendo, mzigo, sauti ya salamu. Gemu iliyokaribia kulielewa jambo hili ni Hitman, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ambayo mhusika wake hupita kati ya maadui kwa kubadili mavazi. Na si bahati nasibu kwamba kamera yake ni ya nyuma, maana avaaye sare ya kuazima lazima aione imemkaa vipi. Lakini mhusika wa Hitman huvua sare na kuondoka. Mwanamke wa Embu au Meru hakuwa na sare ya kuvua. Alijificha ndani ya maisha yake mwenyewe, na jioni alirudi kuyaishi mbele ya macho yale yale.

Ipo pia kejeli ya mwisho ambayo msitu unaiachia fasihi. Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Meru, alibaki msituni hadi wakati wa uhuru, Desemba 1963, bila kukamatwa. Itote alikamatwa, akaandika. Mwariama, aliyefariki mwaka 1989, anafahamika zaidi kwa vinywa vya wengine na kwa picha za mwaka 1963 zinazomwonyesha pamoja na Jomo Kenyatta, nywele zake ndefu zikiwa ushahidi wa miaka aliyoishi porini. Aliyefaulu kutoonekana amewafikia wajukuu katika nafsi ya tatu, kwa kamera iliyoshikwa na mtu mwingine. Kutokamatwa kulimwokoa na mahakama, lakini hakukumpa nafasi ya kusema "mimi" katika maktaba.

Katika vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru wamo wanafunzi wanaosomea programu za kompyuta, na haielekei kwamba wote wataridhika milele kucheza hadithi za watu wengine. Atakayetunga mchezo juu ya msitu ulio juu ya mji wake atalazimika kuamua mahali pa kuiweka kamera kabla hajachora hata mti mmoja. Akiipandisha juu ya miti, atampa mchezaji macho ya rubani na kumwita mpiganaji. Akiitia ndani ya fuvu, atakuwa karibu zaidi na hofu ya kweli, mradi akumbuke kwamba walioishi hofu hiyo walijitazama kwa macho mawili kwa wakati mmoja, la kwao na la adui. Na vyovyote atakavyochagua, mlinzi wake asiwe mwenye jicho lisilokosea. Awe mtu anayeweza kumtazama jirani yake mchana kweupe, kwa hatua kumi, na asimwone.