Kizazi Kilichochonga kwa Saruji

Wachongaji waliozaliwa India mwanzoni mwa karne ya 20 walikua wakitazama sanamu za wageni. Kwenye viwanja na njia panda za Calcutta walisimama magavana na wafalme wa Uingereza, wa shaba na wa marumaru, wengine wakiwa juu ya farasi. Nyingi zilitengenezwa huko huko Uingereza zikaletwa kwa meli, kama ile sanamu ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927. Kijana aliyetamani kazi hiyo aliiona njia moja tu: ajifunze kuiga sura za wakubwa, kisha asubiri mwenye fedha amlipie shaba.

Ramkinkar Baij hakuwa na wa kumlipia. Alizaliwa mwaka 1906 huko Bankura, Bengal, katika ukoo wa vinyozi, na utotoni alishinda kwa mafundi wa mtaani waliofinyanga miungu ya udongo. Mwaka 1925 akafika Santiniketan, kwenye chuo cha sanaa cha mshairi Rabindranath Tagore, akawa mwanafunzi wa mchoraji Nandalal Bose. Hapo alikaa karibu maisha yake yote, kwanza akisoma, baadaye akifundisha.

Nimezeeka nikiwafundisha vijana kufinyanga na kuchonga, na kila nikimfikiria mtu huyu narudi kwenye mikono yake. Shaba ilikuwa ghali, na mawe makubwa hayakupatikana karibu. Alichokuwa nacho ni changarawe nyekundu ya ardhi ya Santiniketan. Alifunga nondo zikawa mifupa, akachanganya changarawe na saruji, akawa anautupa mchanganyiko huo kwenye nondo konzi kwa konzi, kisha anauchonga kabla haujakauka kabisa. Kazi ya namna hiyo haikupi nafasi ya kusitasita. Ukichelewa, saruji imeshashika. Ngozi ya sanamu ikabaki na chembechembe zake, kavu na ya kukwaruza kama ardhi ilikotoka. Wapo waliouona ukavu huo kuwa ni kazi isiyokamilika. Mimi nauona kuwa ndiyo ukamilifu wenyewe.

Mwaka 1938 alisimamisha hivyo familia ya Wasanthali, watu wa jamii asilia ya eneo lile waliokuwa vibarua mashambani na viwandani. Baba amebeba mzegazega begani, na kwenye kikapu kimoja ameketi mtoto. Mama ana mzigo kichwani na mtoto mwingine ubavuni. Mbwa anafuatana nao. Wanahama na vyote walivyo navyo, wala sura zao hazimwombi mtu huruma. Ukubwa wao unazidi ule wa binadamu, na wamewekwa nje, uwanjani, wanapopita vibarua wenyewe. Kwenye viwanja vya Calcutta, ukubwa wa namna hiyo ulikuwa wa mtawala. Mwaka 1956 akawarudia watu hao hao: wanawake wawili wanakimbilia kiwandani, king'ora kimeshalia, upepo unapeperusha sari zao na mtoto yuko nyuma yao. Saruji ile nzito inakimbia kweli.

India huru nayo ilimwita. Benki Kuu ilimwagiza Yaksha na Yakshi, walinzi wa mali katika hadithi za kale, wasimame langoni pake New Delhi. Safari hii alichonga mawe, na kazi ikamchukua miaka mingi. Yakshi yuko uchi, kama walivyo wenzake wa kale kwenye mahekalu, na watu wakalalamika. Naona uchungu kwamba nchi iliyorithi sanaa ile ilishtuka kuiona upya.

Kizazi chake hakikutajirika. Ramkinkar alipewa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1970, lakini inasimuliwa kwamba paa lake la nyasi lilipovuja alichukua picha zake za rangi za mafuta akazibia mvua. Alifariki mwaka 1980. Sisi wachongaji wa Tanzania tuliowafuata tulipata vyuo, maonyesho na wafadhili, tukaanza kuchonga vitu vinavyoingia kwenye sanduku la msafiri. Silaumu, maana watoto lazima wale. Lakini mahali pa wazi, penye macho ya mpita njia, tulipaacha.

Mwanafunzi wake mmoja, Sankho Chaudhuri, alikwenda kujenga idara ya uchongaji katika mji wa Baroda, India, na mwaka 1980 akawa profesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo mkono uliofunzwa na Ramkinkar ulifika kufundisha kwetu. Waliokaa darasani kwa Chaudhuri leo ni watu wa mvi. Vijana wa sanaa wawatafute na kuwahoji: aliwapa udongo gani, aliwaonyesha kushika patasi vipi, na alimzungumziaje mwalimu wake. Waandike majibu sasa, wangali hai.