Baiskeli Isiyo na Gia Mjini Utrecht

Nilifika Utrecht, Uholanzi, mwishoni mwa Agosti, na kitu cha kwanza kilichonisimamisha pale stesheni ya treni ni maegesho ya baiskeli. Yako chini ya uwanja wa stesheni, ghorofa tatu, nafasi 12,500, na saa 24 za mwanzo hulipi kitu. Mtu anaingia akiwa juu ya baiskeli yake, anaonyeshwa penye nafasi, anaipachika, anakwenda zake kupanda treni. Nilisimama na sanduku langu nikitazama mabwana waliovaa suti, akina mama waliopakia watoto wawili wawili, na bibi wenye mvi.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwetu baiskeli hubeba maji, mkaa, magunia ya mpunga na abiria, lakini mtu akishapata hela anaachana nayo na kununua pikipiki. Hapa wenye hela ndio waliokuwa wakinipita, na baiskeli nyingi zilikuwa kuukuu kuliko Phoenix ya baba yangu.

Nilipanga chumba mtaa wa Lombok, magharibi ya stesheni. Chuo nilichokuja kusoma kiko De Uithof, upande mwingine kabisa wa mji, kilomita sita hivi. Basi lipo na tramu ipo, ila nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingemeza posho yangu. Jirani yangu, kaka mmoja wa Bujumbura aliyekaa hapa miaka mingi, akaniambia, "Dada, tafuta baiskeli ya mtumba. Miezi michache tu itakuwa imerudisha hela yake. Lakini ukikutana na mtu njiani anakuuzia kwa yuro 20, pita zako. Hiyo ni ya wizi." Akaniambia pia kwamba anayenunua kwa kujua kuwa ni ya wizi ana kosa, na kwamba namba iliyogongwa kwenye fremu unaweza kuipekua mtandaoni bila malipo, uone kama imeripotiwa kuibwa.

Kesho yake akanipeleka kwa fundi, mzee wa Kimoroko. Karakana yake ilinukia mpira na grisi, harufu ileile ya nyumbani. Nilimwambia nataka yenye gia saba, maana kwetu gia ni dalili kwamba umepiga hatua. Mzee akaniuliza, "Kwani huko unakokwenda kuna mlima?" Utrecht ni tambarare kama meza, kilima chake ni daraja la mfereji. Kila gia, akasema, ni waya wa kukatika na kitu cha kuliwa na kutu, na hapa mvua hainyeshi kwa msimu bali hunyesha ikijisikia. Fundi naye si wa bei ya chini ya mwembe. Kuziba pancha ya gurudumu la nyuma tu kunazidi yuro 10.

Akanitolea omafiets moja nyeusi, yaani "baiskeli ya bibi". Magurudumu inchi 28, sawa na Phoenix. Bomba la fremu limeinama chini, kwa hiyo hata mwenye kitenge anapanda bila kurusha mguu. Cheni yote imefunikwa ndani ya kasha, na ubavuni mwa gurudumu la nyuma kuna kinga inayozuia nguo isinaswe na spoku. Nilifurahi mno, mtu aliyeitengeneza alimfikiria mwanamke. Ila kwenye usukani sikuona breki. "Iko wapi?" Mzee akaikanyaga pedali kinyumenyume, gurudumu likakwama papo hapo. Breki imejificha ndani ya habu: haina waya wala mpira wa kulika, na mvua haiipati.

Nikafanya kama baba alivyonifundisha. Niliinua nyuma nikalizungusha gurudumu, jicho kwenye rimu, nione kama inayumba. Nikazibana spoku mbili mbili kwa vidole. Iliyolegea hujisaliti mara moja. Nikashika mkono wa pedali na kuutikisa kushoto na kulia, na hapo nikasikia mchezo kidogo, tik, tik. Mzee alikuwa akinitazama. Akakaza bila kuombwa, akanibadilishia tairi la nyuma, na bei ikashuka kutoka yuro 130 hadi 110.

Jumapili asubuhi, njia zikiwa tupu, nikaanza. Kila kitu kilikuwa upande wa kulia, na kichwa changu cha Tanzania kilivuta kushoto. Njia za baiskeli ni za lami nyekundu, zina taa zake ndogo zenye picha ya baiskeli, na pembetatu nyeupe zilizochorwa chini zikikuelekea maana yake mpishe mwenzako. Jambo moja lilinitatiza: breki ile haikuruhusu kurudisha pedali nyuma upendavyo, kwa hiyo inabidi usimame pedali ikiwa tayari juu, la sivyo kuondoka ni tabu. Halafu ukaja upepo. Kwenye mashamba ya kuelekea De Uithof ulinipiga usoni hata nikasimama juu ya pedali, na nikaelewa kuwa mlima wa Waholanzi uko hewani.

Jumatatu saa mbili asubuhi nikaingia Vredenburg, katikati ya mji, ambapo hupita baiskeli zaidi ya 30,000 kwa siku ya kazi. Waendeshaji walikwenda kama ng'ombe wanaoshuka lamboni, bega kwa bega, na hakuna aliyemgonga mwenzake. Nikanyoosha mkono kuonyesha nakata kulia, na umati ukanifungulia njia. Nilikaribia kupiga kelele za furaha. Shinyanga tuna ardhi tambarare kama hii, tuna baiskeli tele, na tunao watu wa kuziendesha. Lakini lori likipiga honi, mwenye baiskeli anasukumwa vumbini. Si haki, na rangi nyekundu barabarani si kitu cha kutushinda.

Nawe ukija Uholanzi kusoma au kufanya kazi, chukua ya gia moja yenye breki ya pedali. Pekua namba ya fremu kabla ya kutoa hela, nunua taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma maana usiku polisi hutoza faini, na pesa iliyobaki yote itie kwenye kufuli zito.