Kigoda cha Mama Mkwe

Akina mama wenzangu, leo napenda kuwashirikisha jambo lililonifundisha unyenyekevu.

Mwaka 2018 nilitoka hapa Mukendo kwenda Dar es Salaam kwenye semina ya wauguzi. Siku ya mwisho wenzangu wawili walinishawishi twende Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu, na unaruhusiwa kuingia ndani ujionee watu walivyoishi.

Tuliinama tukaingia katika msonge wa Wahaya, ulioezekwa nyasi toka kileleni hadi chini. Tukaliona na tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo. Tulitazama vitanda, vinu, vyungu na vibuyu. Wenzangu walicheka wakikumbuka utoto wao. Mimi nilisimama mbele ya kigoda kidogo, nikashindwa kucheka.

Miaka miwili kabla ya hapo, mama mkwe alikuja kuishi nasi. Alikuja na kigoda alichochongewa na marehemu mume wake. Wakati huo tulikuwa tumenunua makochi mapya kwa mkopo, na ibada ya jumuiya ilikuwa ifanyike kwetu. Niliona kigoda kile kinaniaibisha. Nikakitupa stoo bila kumwuliza. Mama hakusema neno. Lakini tangu siku hiyo hakukaa sebuleni. Alikuwa akitandika kanga chini, jikoni.

Nami ni muuguzi! Wodini ni mimi ninayewaambia ndugu za wagonjwa wasimwondolee mzee vitu alivyovizoea. Watu wametunza vigoda vya mama wasiowajua, mimi nikatupa cha mama niliye naye.

Niliporudi nyumbani, hata chai sikunywa. Nilikitoa kigoda, nikakifuta vumbi, nikampelekea. Nikapiga magoti. "Mama, nimekosa. Nisamehe."

Alikipapasa kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nilidhani mlishakipasua kuni."

Sote wawili tulilia. Leo kigoda kipo sebuleni, karibu na makochi. Wageni wakiuliza, mama huwaeleza mwenyewe kilikotoka, na wajukuu husikiliza.

Mama mwenzangu, pamba nyumba yako, si dhambi. Ila kabla hujatoa kitu cha zamani, uliza kwanza ni cha nani.