Kitabu cha Mapishi kwa Maharusi: Chagueni kwa Makini

Mfunguo Mosi umeingia, kadi za harusi zinamiminika, na swali la kila mwaka limerudi: tumpe nini bi harusi ambaye sufuria anazo seti mbili na mashuka yamejaa sanduku zima? Safari hii wengi wenu mmetaja kitabu cha mapishi. Wazo zuri, mashaallah. Ila zawadi hii inataka fikra kidogo, maana kitabu cha mapishi kina mdomo.

Sufuria haisemi kitu. Kitabu kikifunguliwa mbele ya mawifi, hakosi mmoja wa kucheka, "Kumbe hajui kupika!" Neno kama hilo humkaa mtu moyoni. Yuko binti aliyekaa dahalia, akaenda chuo, akaanza kazi, na kweli wali wake bado unashika chini. Yeye ndiye anayekihitaji kitabu kuliko wote, na ndiye kitakayemuumiza kuliko wote. Kwa hiyo sisi tunapochangishana, kitabu hatukipeleki ukumbini. Tunakipeleka nyumbani fungate ikishapita, na juu yake tunaandika majina mawili, la mke na la mume.

La mume si la mapambo. Bibi Aisha (radhiyallahu anha) alipoulizwa Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Bwana harusi akimenya vitunguu, basi, hajapungukiwa na kitu.

Mkinunua cha dukani, kifungueni kwanza mkisome. Vitabu vingi vya Ulaya vina divai kwenye mchuzi na nyama ya nguruwe kila baada ya kurasa chache. Zawadi gani hiyo ya kurukwa nusu nzima? Angalieni na vitu vidogo: jelatini isiyojulikana imetoka kwa mnyama gani, na arki ya vanila, ambayo kwa sheria ya Marekani huwa na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Halafu vipimo. Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240, na moto wa 350 kwao ni nyuzi za Farenihaiti, sawa na takriban 180 za oveni zetu. Keki ngapi zimeungua kwa hilo! Kitabu cha Kiingereza chenye gramu mkitoe pamoja na mizani ndogo ya jikoni, la sivyo kitabaki kabatini.

Kwa maharusi wanaokwenda kuishi Muscat tunakipenda The Food of Oman cha Felicia Campbell, cha mwaka 2015, kwa sababu mkono wa Zanzibar umo katika vyakula vya kule na bi harusi hatajiona mgeni kabisa. Kwa wanaosoma Kiingereza kipo pia In Bibi's Kitchen cha Hawa Hassan na Julia Turshen, kilichotoka 2020. Kimekusanya mapishi ya kina bibi wa nchi 8 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Somalia na Komoro.

Lakini tukiambiwa tuchague kimoja tu, tutachagua daftari. Daftari tupu, tukalijaza wenyewe.

Mmoja wetu alifiwa na mama yake, Allah amrehemu. Mkate wa kumimina wa yule mama ulikuwa ukitoka laini, umechambuka vizuri, umepanda mpaka juu. Mchele alikuwa akiupima kwa bilauri yake ya zamani, na bilauri ipo mpaka leo. Tui je? Kwa jicho. Hamira? Kwa vidole. Kila Idi mabinti zake wanaukoroga na kupalia makaa kama alivyokuwa akifanya, wanakata kipande, wanatazamana. Karibu, lakini siyo wenyewe.

Kwa hiyo harusi ikitangazwa, tunagawana nyumba: huyu kwa mama wa bi harusi, huyu kwa mama mkwe, huyu kwa bibi mzaa mama. Ukimuuliza bi mkubwa "kiasi gani?" atakujibu "kiasi chake tu." Usibishane naye. Ingia naye jikoni, na kabla chumvi ya kiganjani haijaanguka mchuzini, tega kijiko upime. Akisema kibaba, andika kibaba na gramu ubavuni, maana yeye anajua kuwa vibaba vinne ni pishi, lakini mjukuu atakayelisoma daftari huenda hajawahi kukiona.

Mama mkwe msimwache hata kidogo. Akishaombwa chakula anachokipenda mwanawe, boko boko au pweza wa nazi, na kikaandikwa kwa jina lake, ni vigumu baadaye aseme kuwa mkwe hajui kumpikia.

Daftari liwe la jalada gumu, na kalamu iwe ya wino usiochujuka ukilowa, kwani litashikwa kwa mikono yenye tui na samli. Acheni kurasa tupu za kutosha nyuma. Na wenye mwandiko mbaya, tafadhali, wasome tu, mwenzao aandike.