Hati ya Chombo

Nilipompigia simu ami yangu, Unguja, kumweleza kwamba nakusudia kununua chombo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa pwani angeliuliza.

"Kina matanga mangapi?"

Nikamjibu kuwa hakina tanga, hakina mlingoti wala foromali, na chini yake hakuna mkuku, ni bapa la chuma. Kina injini ya dizeli, jiko la kuni, kitanda na rafu mbili za vitabu.

"Basi hilo ni sanduku, mwanangu."

Sikubishana naye. Ami alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likileta boriti za mikoko kutoka Rufiji, na watu wa aina yake hawalitoi neno chombo ovyo. Lakini mazungumzo hayo, tuliyoyaendeleza kwa miezi minne, ndiyo yaliyoniokoa nisipoteze akiba yangu yote. Na kwa kuwa ukumbi huu ni wa watu wanaoipenda lugha, naona niwasimulie wasomaji namna Kiswahili kilivyonifaa katika jambo lililo mbali nacho kabisa.

Sanduku lenyewe ni boti ya mfereji. Mifereji ya Uingereza ilichimbwa zaidi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 ili kubeba makaa ya mawe na mizigo mingine mizito, na mashua zake zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Pale nchi inapopanda au kushuka, wajenzi waliweka vyumba vya mawe na matofali vyenye milango mbele na nyuma: boti huingia, milango ikafungwa, maji yakajazwa au yakapunguzwa, nayo ikainuka au ikashuka taratibu kama ndoo kisimani. Vyumba vingi vya katikati ya nchi vina upana wa futi 7 hivi, ndiyo maana boti hizi zina upana wa futi 6 na inchi 10 tu, hata ziwe ndefu namna gani. Niliyoitaka mimi ilikuwa na urefu wa futi 57, imeundwa mwaka 1996, na ilikuwa imefungwa karibu na Braunston, kijiji ambapo mfereji wa Oxford hukutana na ule wa Grand Union uendao London na Birmingham.

Nilikuwa nimeishi katika vyumba vya kupanga miaka 11. Nyumba niliyomo ilikuwa inauzwa, na pauni 38,000 nilizoweka kwa kazi ya ukalimani wa simu zisingeninunulia nyumba popote ninapopajua. Boti zingeninunulia. Na mkalimani wa simu anaweza kufanya kazi mahali popote penye mtandao na utulivu.

Kazi yangu ni kuwafasiria watu makaratasi yao: barua za hospitali, hati za mahakama, fomu za shule. Nikadhani basi ya kwangu yatakuwa mepesi. Muuzaji alinionyesha jalada akaniambia kila kitu kimo. Nilipojaribu kumfasiria ami kilichomo, nikagundua kuwa nilikuwa nimeridhika na neno moja tu, makaratasi, nalo halielezi kitu. Kiswahili kimejikusanyia maneno haya kutoka kila upande wa bahari: hati na stakabadhi kutoka Uarabuni, cheti na bima kutoka upande wa India, leseni kutoka kwa Waingereza wenyewe. Ami hakukubali nitumie moja mahali pa jingine. "Hiyo ni leseni au ni cheti?" akawa ananiuliza, kama mwalimu anayehesabu mizani kwa vidole.

Tukaanza na leseni. Hutolewa na Canal & River Trust, shirika la hisani lililopokea mifereji ya England na Wales kutoka kwa British Waterways mwaka 2012, nalo hutunza njia za maji za maili 2,000 hivi. Sheria ya mwaka 1995 inataka mambo matatu kabla ya leseni kutolewa. Boti iwe na cheti cha usalama. Iwe na bima. Na ama iwe na mahali pake pa kudumu pa kufungwa, ama mwenyewe aliridhishe shirika kwamba atakuwa safarini muda wote, asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, ila kwa sababu ya maana. Leseni hii humfuata mtu, haiifuati boti. Siku ya kuuza, ya muuzaji haimfai mnunuzi, naye sharti aombe ya kwake.

"Na nahodha? Leseni yake hutoa nani?"

Nikamwambia hakuna. Mtu anayeendesha boti yake mwenyewe kwa matembezi au kwa kuishi hatakiwi kuonyesha cheti chochote cha unahodha. Kuna mafunzo, lakini ni ya hiari. Ami alicheka mpaka nikasikia watu wa nyumbani wakimuuliza ana nini. Chombo kina leseni, nahodha hana!

Cheti cha usalama, tofauti na leseni, huifuata boti. Hudumu miaka 4, na mkaguzi hutazama gesi, mafuta, umeme, matundu ya hewa, vizimamoto, na king'ora cha kutambua ile hewa yenye sumu isiyo na harufu itokayo kwenye jiko na injini. Ni cheti cha kuzuia moto, mripuko na uchafuzi wa maji. Nilipomaliza kueleza ami akauliza, "Wamekagua jiko, hawakukagua kama linavuja?" Hawakukagua. Hiyo ni kazi ya mtu mwingine, na hakuna sheria inayokulazimisha umwite, ingawa makampuni mengi ya bima huitaka ripoti yake boti ikishazeeka. Nilimwita. Boti ikanyanyuliwa majini, naye akazunguka na chombo kidogo kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti. Chuma cha chini kilikuwa milimita 10 kilipokuwa kipya, cha ubavuni 6. Hakukuta mahali palipopungua chini ya 5. Akanishauri nipake lami chini baada ya kila miaka michache. Ami akafurahi kusikia hilo, kwa sababu wao walipaka deheni ya chokaa na shahamu, na hapo kwa mara ya kwanza akaliita sanduku langu chombo, nadhani bila kujua.

Bima sina la kuieleza sana. Mradi inakulinda ukimgonga mwenzio, shirika linaridhika.

Basi nikawa tayari. Ilikuwa siku ya Alhamisi, na nilikuwa nimekubaliana na muuzaji nimpelekee fedha zote kesho yake. Nikampigia ami kuaga, kama mtu anayesafiri.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Aliyemuuzia yeye ni nani?"

Sikujua.

"Nani shahidi wake? Usinisomee tena leseni. Nakuuliza chombo ni cha nani."

Nikalifungua jalada nikasoma upya, safari hii kama ninayewafasiria wengine. Leseni ilisema kwamba mtu huyu ameruhusiwa kuiweka boti mferejini. Cheti kilisema kuwa boti haitamlipua mtu. Bima ilisema kuwa mtu huyu ameilipia. Karatasi tatu, zote za kweli, na hata moja haikusema kuwa boti ni yake. Hata ile namba iliyobandikwa ubavuni, ambayo hudumu na boti maisha yake yote, ni ya leseni tu. Nyumba za Uingereza zina daftari lake la serikali. Boti ya mfereji haina daftari la lazima la wenye mali. Anayetaka anaweza kuiandikisha katika rejista ya meli, lakini walio wengi hawafanyi hivyo. Umiliki hushikiliwa na mnyororo wa hati za mauzo, kila mwenye boti akimwandikia anayemfuata. Mali bila daftari, wasemavyo wazee, hupotea bila habari.

Niseme ukweli, niliona haya kuuliza. Muuzaji alikuwa mtu mwema, alinipikia chai mara tatu, na kumwuliza mtu kama mali anayokuuzia ni yake ni kama kumwita mwizi mbele ya kikombe chake. Mkalimani huzoea kuuliza maswali ya wengine, na aibu yake huwa ya kukodi. Hili lilikuwa swali langu. Nilimwandikia ujumbe usiku huo nikaufuta mara nne.

Akajibu asubuhi bila kinyongo, akapiga picha hati ya mauzo na kunitumia. Ilikuwa na sahihi zote na tarehe. Mnunuzi aliyetajwa humo alikuwa baba yake, aliyefariki miaka miwili nyuma bila kuacha wasia.

"Aa," akasema ami. "Hicho ni cha warithi."

Muuzaji alikuwa na dada. Dada hapendi boti, hakuwahi kuulizia, basi kaka akaomba leseni kwa jina lake, akakata bima kwa jina lake, na makaratasi yakamwitikia. Hakuwa amemdanganya mtu. Lakini hapakuwa na barua ya usimamizi wa mirathi, na ningemlipa Ijumaa ile, ningekuwa nimenunua nusu ya boti kwa bei ya boti nzima, na nusu nyingine ningeisubiri ije kudaiwa mlangoni.

Barua ilichukua zaidi ya miezi miwili. Nyumba niliyopanga iliuzwa kabla yake, na wiki tano za mwisho nililala kwenye kochi la rafiki, Coventry, nikifanya ukalimani chooni ili nisiwaamshe watoto wake. Nilimlaumu ami kimoyomoyo mara nyingi.

Tulitia sahihi ndani ya boti, kwenye meza ya kukunja, mimi, kaka, dada, na jirani wa boti ya pili kama shahidi. Kwa desturi ya kale ya usajili wa Uingereza meli hugawanywa katika hisa 64, na fomu tuliyotumia ilikuwa na hesabu hiyo: tuliandika kuwa nimeuziwa hisa 64 katika 64, na kwamba boti haina deni wala haikuwekwa rahani. Ami alikuwa amekwisha kupiga hesabu za mirathi kwa namna anayoijua, kaka mawili na dada moja, akahangaika kwa kuwa 64 haigawanyiki kwa tatu. Nikamweleza kuwa kwa sheria ya huku, mjane akiwa hayupo, watoto hupata sawa kwa sawa, 32 kwa 32. Akasema hesabu yao nyepesi.

Dada alikuwa hajaikanyaga boti ile tangu msiba. Baada ya sahihi alitoka nje nyuma, akasimama ameshika kile chuma kirefu cha kugeuzia usukani. Sikuwa na jina lake kwa Kiswahili mpaka usiku ule ami aliponipa: kana. Nililitafuta katika kamusi, limo. Alisimama ameishika kana ya baba yake kama robo saa, nasi tukabaki ndani tukizungumzia gesi.

Lililobaki ni zile siku 14. Mahali pa kudumu pa kufunga kwa mwaka ni fedha nyingi, na wasio napo tangu Aprili 2024 hulipa ziada juu ya leseni. Nikachagua safari. Sheria inataka boti hiyo itumike kwa safari ya kweli, na hapo sheria ya Kiingereza imeazima neno la Kilatini. Nililigeuza kila upande, mwishowe nikamfasiria ami kuwa ni kusafiri kwa nia. "Na safari gani isiyo na nia?" akauliza. Umbali haukutajwa katika sheria hiyo, jambo linalozua ugomvi mwingi ukingoni. Mwendo wenyewe hauzidi maili 4 kwa saa.

Anwani yangu sasa ni ya rafiki wa Coventry, kwa ajili ya benki na daktari. Kupiga kura nilijaza fomu ya wasio na makazi ya kudumu, ambayo humtaka mtu atamke ana uhusiano na mahali gani. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko fomu nyingine zote. Jina la boti sikulibadili. Mabaharia wa huku huamini ni nuksi kulibadili chombo kikiwa majini, na kwa hilo ami anakubaliana nao.

Hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Haulizi tena kuhusu matanga. Ana kopo la bati alilokuwa akitilia karatasi zake za bandarini, na humo ameweka daftari anamoandika mahali nilipofunga. Juzi nilimwambia nipo Napton. Akaniomba nimtajie herufi moja moja.