CHUMVI YA MGONJWA WA MOYO NI YA NYUMBA NZIMA



Ndugu yangu, kama nyumbani kwako yuko mtu ambaye moyo wake umeshindwa kazi, maradhi ambayo wengi tunayaita moyo kupanuka au moyo kujaa maji, basi nazungumza na wewe. Daktari ameshasema "apunguze chumvi". Neno hilo likishafika jikoni, inakuwaje?

Moyo ukidhoofika, mwili huing'ang'ania chumvi, na chumvi huvuta maji. Maji hayo ndiyo yanayovimbisha miguu, ukiibonyeza kidole shimo linabaki. Ndiyo yanayopanda kifuani usiku, mgonjwa akalalia mito mitatu au akakesha kitini. Anayeswali pembeni yake anamsikia akiinuka kwenye sijda anahema.

Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 806 wa moyo katika nchi 6. Waliobanwa chumvi zaidi hawakuonekana kupungukiwa na vifo wala kulazwa kuliko wenzao. Lakini walipoulizwa hali zao za kila siku, walikuwa na nafuu zaidi kidogo. Wapo wanaosema: basi faida iko wapi? Subhanallah! Ajali iko kwa Allah. Lakini kulala usiku ukapata usingizi, kupanda ngazi za msikiti, kusimama rakaa mbili bila kushika ukuta, hivyo si kitu? Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha.

Kaka yangu mkubwa ana maradhi haya na anaishi kwangu. Mwanzo alipikiwa kisufuria chake peke yake. Akawa anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Mzee amezoea sinia moja na wajukuu, leo anakula pembeni kama aliyetengwa! Shemeji yake akaamua: chungu kimoja, chumvi kidogo sana, ndimu, tangawizi, thomu, bizari na tui. Asiyeridhika ajitilie chumvi mwenyewe. Watoto walinung'unika wiki mbili (na baba yao kimoyomoyo), kisha ndimi zikazoea. Na hata sisi wazima Shirika la Afya Duniani linatutaka tusifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai.

Chumvi nyingine haionekani. Imo kwenye vidonge vya kukolezea mchuzi, ng'onda, achari, bajia za barabarani, hata mkate wa dukani. Na jihadhari na zile chumvi mbadala: nyingi zina potasiamu, ambayo pamoja na baadhi ya dawa za moyo inaweza kuvuruga mapigo. Usimpe mgonjwa bila kumuuliza daktari. Wala chakula kisiwe sababu ya kuacha vidonge.

Mpime uzito kila asubuhi akishatoka msalani, kabla hajala. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si unene. Mpelekeni kliniki msisubiri avimbe.

Na wewe unayealika hitima au futari, ukijua mgonjwa wa moyo atakuwepo, mwambie mpishi apunguze chumvi sufuriani, na vibakuli vya chumvi na ndimu viwekwe kwenye majamvi.

Wabillahi tawfiiq.