Nilimsingizia Mwewe

Vifaranga wa shangazi yangu hawakuchukuliwa na mwewe. Walikufa kwa mdondo, uani kwangu Visiga, Kibaha, na nilikuwa najua hivyo siku nilipompigia simu Mzenga, Kisarawe, nikamwambia, "Shangazi, mwewe amenimaliza." Akanipa pole. Akasema mwewe wa kiangazi ni wakorofi, nami nikaitikia. Uongo huo ndio uliokuja kumaliza kuku wake. Nauungama hadharani kwa sababu wafugaji wa uani tunausema sana, na tunaambiana pole bila kuulizana zaidi.

Mapatano yetu yalikuwa ya kawaida. Yeye alinipa matetea wawili wa kienyeji, mmoja kishingo, mimi nikawa na uwanja na pumba. Wakitotoa, vifaranga tugawane nusu kwa nusu, matetea wabaki wake. Jirani mmoja alikuwa amenunua mashine ya kutotolesha, akanishauri nami nitafute. Nikamjibu kwamba kuku anajua kazi yake. Jibu hilo nililipenda, nikawa nalitoa kwa kila swali.

Na kuku anaijua kweli. Tetea akishaingia kuatamia, hutoka kiotani mara moja kwa siku, akala, akanywa, akanya, akarudi mayai hayajapoa. Huyageuza kwa mdomo mchana na usiku kwa siku 21, na umeme ukikatika hana habari. Vifaranga wakitoka huwaweka chini ya mbawa, huwaita kwenye mchwa, huwapigia kelele kivuli kikipita angani. Kishingo aliyafanya yote hayo. Katika habari hii nzima hakuna alichokosea.

Nilianza kukosea mimi, kwa tamaa. Nilimrundikia mayai 18, wakati kuku wa kienyeji hufunika vizuri kati ya 10 na 13. Yanayozidi hubaki pembezoni, na kwa kuwa kuku huyahamisha akiyageuza, kila yai hupata zamu yake ya baridi. Sikuyatia alama ya mkaa, kuku wengine wakaingia kutaga humo humo, nikawa na mayai ya siku tofauti chini ya mama mmoja. Tetea wa pili nilimtandikia boksi kuukuu lenye utitiri. Ukamla hadi akayakimbia mayai yake. Majivu na majani ya mwarobaini chini ya matandiko yangesaidia, na vyote vilikuwepo pale pale uani. Hasara hiyo niliiona ndogo, maana kishingo alitoka na vifaranga wa kutosha kujivunia.

Kosa kubwa lilihusu chanjo, na mtu wa Kibaha hana pa kujificha hapo. Chanjo ya mdondo inatengenezwa mjini kwetu, katika Taasisi ya Chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Ni ile inayoitwa I-2, inayostahimili joto kiasi kwamba unaweza kuipeleka kijijini ukiwa umeifunga kwa kitambaa chenye maji, mbali na jua. Tone moja jichoni, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, kisha unarudia baada ya miezi mitatu. Niliijua, sikuinunua. Nilipiga hesabu kwamba chupa ina dozi za kuku wengi kuliko niliokuwa nao, na ikishafunguliwa haikai. Nikaona kuchanja kuku wachache ni kumwaga hela. Kumwita jirani tuchangie chupa moja kungemaliza hesabu hiyo, ila sikutaka kuonekana sina.

Nikajitetea pia kwamba vifaranga wana kinga ya mama. Kinga hiyo ipo, hupitia kwenye kiini cha yai na kumlinda kifaranga wiki zake za mwanzo. Lakini mama hutoa alichonacho, na matetea wale hawakuwa wamechanjwa.

Kiangazi kile nikanunua pora kwa mchuuzi wa barabarani na kumwachia uani jioni ile ile. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku zote nilidhani kamba ile ni ya kumzuia asipotee. Ukimfunga mbali na wenyeji kwa wiki mbili, kamba inafanya kazi nyingine: inaupa nafasi ugonjwa aliokuja nao ujitokeze kabla haujafika kwa wengine. Pora wangu hakufungwa. Akaanza kujikunyata, akashusha mbawa, akaharisha kijani, shingo ikapinda. Vifaranga wakafuata. Nikawapa maji ya mwarobaini na shubiri, nikijua kwamba mdondo ni wa virusi na hauna dawa ukishaingia. Kishingo alikufa baada ya watoto wake.

Hapo ndipo nikamtafuta mwewe. Mwewe hana mwenyewe, na kuku akichukuliwa na mwewe mfugaji hupewa pole. Mdondo huleta maswali: ulichanja? Uliingiza kuku kutoka wapi? Majibu yangu yote mawili yalikuwa ya aibu.

Aibu ikanituma nifanye jambo baya kuliko uongo wenyewe, na wakati ule niliona natenda wema. Walikuwa wamebaki kuku wachache wanaokula na kutembea vizuri, akiwemo yule tetea wa pili. Nikawatia kwenye tenga, nikapanda daladala hadi Mlandizi, kisha bodaboda hadi Mzenga, nikamkabidhi shangazi kama fidia. Alifurahi, akawafungulia wachangamane na wake. Kuku aliyeambukizwa hukaa siku kadhaa akionekana mzima, na virusi hutoka kwenye kinyesi na mate yake wakati huo huo. Hata tenga nililobebea, hata soli za viatu vyangu vilivyokanyaga uani kwangu, vilitosha kuufikisha.

Muda si mrefu akapiga simu. "Mwanangu, huku kuku wanaanguka." Banda lake likaisha, na kwa kuwa kuku wa kijijini hawana uzio, wakaanguka na wa majirani. Wale ndio kuku ambao shangazi huuza Januari, wajukuu wanapohitaji sare na madaftari. Bado sikusema kitu. Nilimtumia hela ya madaftari, akaniombea dua.

Nilikwenda kumwambia baadaye, msimu wa korosho ulipokwisha. Nilimweleza yote, pora, chanjo, tenga. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja tu: vifaranga walianza kufa kabla sijampigia simu ya mwewe, au baada?

"Kabla," nikasema.

"Basi simu ulikuwa nayo mkononi."

Sina la kuongeza juu ya hilo. Kutochanja kuliniumiza mimi na kuku niliokuwa nao. Lakini neno mdondo, lingesemwa siku ile, lingemfanya awafungie wake, asipokee kuku wangu, awaonye majirani. Yeye amefuga tangu sijazaliwa; angejua la kufanya. Nilimnyima habari, kisha nikampelekea ugonjwa nyumbani kwake.

Siku hizi hapa Visiga tunachangia chupa, nyumba kadhaa kwa mara moja, na matetea hupata tone kabla hawajaanza kutaga. Kuku anayeingia hufungwa kando. Kuku akifa bila sababu, jirani husikia kabla ya jua kuzama. Mzenga chupa naipeleka mimi, kwa gharama yangu, na viatu nabadilisha kabla ya kuondoka kwangu. Shangazi huwaambia watu wasifungulie kuku wao alfajiri hiyo, tunapita nyumba hadi nyumba, yeye anashika kuku, mimi natia matone. Tetea mwingine wa kufuga hajanipa, nami sijamwomba.